BIBI CURIE NA MAGARI YAKE YA EKSIREI

Muhula uliopita, katika mchezo wa mpira kati ya darasa letu na wadogo zetu, mwenzetu mmoja alianguka vibaya akavunjika mkono wa kulia, karibu na kiwiko. Tulimpeleka kwa baiskeli mpaka zahanati, na kutoka zahanati kwa gari mpaka hospitali moja yenye mashine ya eksirei, ile picha ambayo watu wetu huiita radio. Mashine tuliiona kwa macho yetu. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe, safi kabisa. Lakini fundi aliyejua kuitumia alikuwa amehamishwa, na wa kushika mahali pake hakuwa amefika. Basi daktari aliupapasa mkono kwa vidole, akaufunga plasta kwa kukisia. Hata leo mwenzetu hawezi kuukunjua mkono ule sawasawa, naye ndiye aliyekuwa golikipa wetu.

Nilirudi shuleni nimekasirika. Nikamwuliza mwalimu wetu wa fizikia ni nani aliyeanza kuzitoa mashine hizi katika vyumba vya mijini na kuwafikishia wagonjwa mahali walipolala. Hakunijibu, ila alinipa kitabu juu ya maisha ya Bibi Marie Curie. Jina lake nilikuwa nimelisikia, kama ninyi nyote, kwa habari ya radiamu. Habari ya magari yake sikuwa nimeisikia kamwe. Basi, wasomaji wapenzi, na ninyi kaka zetu mliotutangulia katika madarasa haya, nipeni nafasi niwaeleze maisha ya mama huyu kwa kadiri nilivyoyaelewa.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 katika mji wa Warsaw, na jina lake la kwao lilikuwa Maria Skłodowska. Wakati ule nchi ya Polandi haikuonekana katika ramani. Dola tatu jirani zilikuwa zimeigawana, na Warsaw ilikuwa chini ya Urusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia, na mama yake alikuwa amesimamia shule ya wasichana. Warusi walipokataza majaribio ya sayansi katika shule za Wapolandi, baba alivichukua vyombo vyake akaviweka nyumbani. Kwa hiyo Maria, mtoto wa mwisho kati ya watoto watano, alikua akitazama mizani na mirija ya kioo ndani ya kabati kama watoto wengine watazamavyo vitu vya kuchezea.

Nyumba ile ilipatwa na misiba mapema. Dada yake mkubwa Zofia alikufa kwa tifasi. Mama yao alikuwa na kifua kikuu, naye kwa kuogopa kuwaambukiza watoto wake hakuwabusu. Alikufa mwaka 1878, Maria akiwa na miaka 10. Tafadhali likumbukeni jambo hili, maana ugonjwa ule ndio ambao baadaye eksirei ilifundisha madaktari kuuona ndani ya kifua cha mtu kabla hajaanza kukohoa damu.

Maria alimaliza shule mwaka 1883, akapewa nishani ya dhahabu. Baada ya hapo njia ikafungwa, kwa kuwa chuo kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Yeye na dada yake Bronia wakafanya shauri. Bronia aende Paris kusoma udaktari, na Maria afanye kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za watu wenye mali ili amlipie dada yake. Bronia akimaliza, atamvuta mdogo wake. Wengi wetu hapa shuleni tunasoma kwa mapatano ya namna hiyo hiyo, kaka kwa dada, mjomba kwa mpwa, na tunajua jinsi yalivyo magumu kutimizwa. Wasichana wale waliyatimiza. Maria alifanya kazi ile kwa miaka kadhaa, mingi akiwa shamba, mbali na mji, na jioni aliwafundisha watoto wa wakulima kusoma lugha yao wenyewe, ingawa kufanya hivyo kulikuwa kosa mbele ya serikali.

Mwaka 1891 alifika Paris, akajiandikisha katika chuo cha Sorbonne. Jina lake sasa likaandikwa Marie, kwa namna ya Wafaransa. Alikaa katika chumba kidogo chini ya paa, hakina moto wa kutosha, na usiku wa baridi alirundika nguo zake zote juu ya blanketi. Mwaka 1893 alikuwa wa kwanza katika mtihani wa fizikia. Mwaka 1894 alikuwa wa pili katika hesabu. Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mwalimu wa fizikia, mtu mpole asiyependa makuu. Bibi arusi alivaa nguo ya buluu nzito ambayo angeweza kuivaa tena kazini, na kwa fedha walizopewa wakanunua baiskeli mbili, wakaenda kutembea mashambani.

Mwaka huo huo, katika mwezi wa Novemba, Profesa Röntgen wa Ujerumani aligundua eksirei. Yafaa nieleze kidogo jinsi jambo lenyewe lilivyo, kwa ajili ya wadogo zetu. Umeme wenye nguvu nyingi hupitishwa katika chupa ya kioo iliyotolewa hewa, na katika chupa hiyo hutoka miali isiyoonekana kwa macho. Miali hiyo hupita katika nguo na katika nyama kwa urahisi, lakini katika mfupa hupita kwa shida, na katika chuma kwa shida zaidi. Ukiweka mkono wa mtu kati ya chupa na bamba la picha, mifupa huacha kivuli chake juu ya bamba. Risasi iliyozama mwilini huacha kivuli cheusi au cheupe, kwa kadiri ya namna ya picha, lakini huonekana waziwazi. Hii ndiyo siri yote.

Bibi Curie hakuanza na miali hiyo. Alishika miali mingine, ile ambayo Becquerel aliiona mwaka 1896 ikitoka katika uraniamu yenyewe bila umeme. Aliipima kwa chombo kilichobuniwa na mumewe na shemeji yake, akaona kwamba mawe fulani yenye uraniamu yalitoa miali mingi kuliko ilivyostahili. Akafahamu kuwa lazima ndani yake mna kitu kingine. Mwaka 1898 yeye na mumewe walitangaza vitu viwili vipya, poloniamu, kwa heshima ya nchi yake isiyokuwa katika ramani, na radiamu. Kisha ikawa kazi ya kuitoa radiamu katika mawe. Walipewa banda lililokuwa zamani chumba cha kupasulia maiti, paa lake linavuja, na humo Bibi Curie alichemsha mabaki ya mawe kutoka Bohemia, magunia kwa magunia, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma yenye urefu karibu sawa na kimo chake. Hata mwaka 1902 alikuwa amepata sehemu moja ya kumi ya gramu moja. Katika darasa letu tulijaribu kupima uzito huo kwa mizani ya maabara. Ni kama chumvi kidogo sana.

Mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na mumewe na Becquerel. Hawakuchukua hati ya kujimilikia njia ya kutengeneza radiamu, ingawa wangetajirika, kwa sababu waliona kuwa elimu ni ya watu wote na kwamba radiamu itawasaidia wagonjwa. Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre alikanyagwa na gari la farasi barabarani mjini Paris akafa papo hapo. Mjane aliachiwa watoto wawili, Irène wa miaka 8 na Ève wa mwaka mmoja. Chuo kikampa kazi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1911 alipata Tuzo ya Nobel ya pili, ya kemia, peke yake. Mwaka huo huo Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilikataa kumwingiza, na magazeti yalimtukana kwa mambo ya maisha yake ya nyumbani. Sitakaa sana hapo, maana nataka kufika katika mwaka 1914.

Katika mwaka 1914 nyumba yake ya utafiti, Taasisi ya Radiamu, ilikuwa imekwisha kujengwa Paris, lakini kazi haijaanza. Mwezi wa Agosti vita vikaanza. Vijana wote wa maabara wakaitwa jeshini. Mwezi wa Septemba, Wajerumani walipokaribia mji, Bibi Curie alichukua gramu moja ya radiamu, mali yote ya taasisi, akaitia katika sanduku la risasi zito sana, akapanda treni mpaka Bordeaux, akaliweka sanduku katika benki. Kisha akageuka akarudi Paris, wakati watu wengine wote walipokuwa wakikimbia mji huo. Fedha zake, pamoja na fedha za tuzo ya pili, alizikopesha serikali kwa ajili ya vita. Alitaka na nishani zake za dhahabu ziyeyushwe, lakini wenye benki walikataa.

Hapo akajiuliza yeye mwenyewe afanye kazi gani. Wanawake wengi walikuwa wakijitoa kuwa wauguzi, na angeweza kufanya hivyo. Lakini aliona pengo ambalo wakubwa wa jeshi hawakuliona. Hospitali za karibu na mapigano zilikuwa zikipokea watu waliojaa vipande vya makombora, na karibu hakuna hata moja iliyokuwa na mashine ya eksirei. Madaktari wa upasuaji walikuwa wakitafuta vipande ndani ya nyama kwa vidole na kwa vyuma, huku wakipanua jeraha. Kipande kilichosahauliwa, pamoja na uchafu wa nguo kilioingia nao, kilioza ndani, na mtu akakatwa mguu au akafa. Na wakati uo huo, mjini Paris, katika maabara za vyuo na katika vyumba vya madaktari walioitwa vitani, mashine zilikuwa zimekaa bure zimefunikwa.

Nilipofika katika sehemu hiyo ya kitabu nilikifunga, nikakaa kitambo.

Alianza kwa kuhesabu. Alizunguka akaandika ni mashine ngapi ziko, ziko kwa nani, na ni nani waliobaki wanaojua kuzitumia, kisha akazikusanya na kuzigawa katika hospitali za mji na za jirani. Lakini hospitali za mbele hazikuwa na umeme, na eksirei bila umeme ni sanduku tu. Ndipo akatengeneza gari. Alichukua gari la kawaida, akatia ndani yake mashine ya eksirei na dainamo, na dainamo hiyo ikazungushwa na injini ya gari lenyewe. Gari likisimama, injini yake ikawa mtambo wa umeme. Fedha za gari la kwanza zilitoka kwa Umoja wa Wanawake wa Ufaransa. Kwa mengine aliwaendea mabibi matajiri akawaomba magari yao, na watengenezaji wa vyombo akawaomba vyombo. Nadhani alikuwa mwombaji mgumu sana kumkatalia, kwa kuwa hakuomba kwa ajili yake. Chama cha Msalaba Mwekundu kilimfanya mkuu wa kazi yake ya eksirei. Makarani wa jeshi walimchelewesha kwa vibali na mihuri, naye alikaa mbele ya meza zao mpaka wakatia sahihi.

Kumbukeni kwamba hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa miaka 46 aliyezoea mizani na chupa. Kwa hiyo alikaa chini akajifunza majina ya mifupa na jinsi mwili ulivyopangwa. Alijifunza kuendesha gari, akapata leseni mwaka 1916. Alijifunza kubadili gurudumu na kusafisha kabureta. Mtu mwenye tuzo mbili za Nobel alikuwa akilala chini ya injini, mikono ina mafuta. Baadhi yetu, tukishapata cheti, hatutaki hata kubeba kikapu sokoni.

Tarehe 1 Novemba 1914 alisafiri kwa gari lake mpaka Creil, pamoja na binti yake Irène aliyekuwa na miaka 17. Kazi ilikwenda hivi. Gari likifika, dereva alivuta waya mrefu kutoka katika dainamo na kuuingiza ndani ya nyumba. Bibi Curie alichagua chumba, akafunika madirisha kwa mapazia meusi aliyokuja nayo, akasimamisha chupa na meza, akavaa glavu na miwani ya kujikinga. Kwa muda wa nusu saa kila kitu kilikuwa tayari. Daktari akaingia naye katika giza lile, na majeruhi wakaletwa kwa machela mmoja baada ya mmoja. Juu ya kioo maalum kinachong'aa kwa miali, daktari aliona mfupa uliovunjika na kipande cha chuma karibu nao. Bibi Curie alipima kutoka pande mbili ili ijulikane kipande kiko upande gani na kina gani, akachora. Mara nyingine daktari alipasua hapo hapo, akiuona mkasi wake mwenyewe ukikifuata kipande ndani ya nyama. Askari wengine, watoto wa mashamba, waliiogopa mashine wakidhani itawaumiza, naye aliwatuliza kwa sauti ya chini akiwaeleza kuwa ni picha tu kama picha nyingine. Walipokwisha wote, hata kama ni usiku, alikunja vyombo akaenda hospitali nyingine. Askari waliyapa magari yale jina lake, wakayaita Curie wadogo.

Mara moja mwaka 1915, wakati wa kurudi kutoka katika safari, gari lilitumbukia shimoni kando ya njia likapinduka, na masanduku yakamwangukia. Dereva alizunguka gari akiita kwa hofu, asijue kama bibi ni mzima. Alikuwa mzima, ila ameumia. Nyumbani hakusema neno, na watoto wake walijua baadaye kwa kuona nguo zenye damu.

Lakini mashine inahitaji mtu, na hilo ndilo lililonivuta zaidi katika habari hii yote. Bibi Curie aliona kwamba akiziacha hospitali na vyombo bila watu wa kuvitumia, vitafunikwa tena. Kwa hiyo tangu mwaka 1916 aligeuza taasisi yake kuwa shule. Aliwafundisha wanawake umeme, matumizi ya eksirei, na habari ya mwili wa binadamu, na Irène, ambaye hakuwa amemaliza masomo yake mwenyewe, alikuwa mmoja wa walimu. Hata vita vilipokwisha walikuwa wamefundishwa wanawake wapatao 150. Wengine walikuwa mabibi wa nyumba kubwa, wengine hawakuwa na elimu nyingi, na kazi ile haikuuliza. Irène mwenyewe aliachwa peke yake kuongoza eksirei katika hospitali ya jeshi la Wabelgiji huko Hoogstade, karibu na mapigano, akiwa na miaka 18, yaani mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Iliwapasa madaktari wa jeshi wenye ndevu kumsikiliza msichana yule akiwaambia kipande kiko wapi. Hawakupenda siku zote, lakini kipande kilikuwa pale aliposema.

Mwisho wa hesabu ni huu. Alitayarisha magari 20 na vyumba vya eksirei 200 katika hospitali. Katika magari na vyumba hivyo walipimwa watu zaidi ya 1,000,000. Pamoja na hayo alirudisha ile radiamu kutoka Bordeaux, akawa anakusanya hewa inayotoka ndani yake katika mirija midogo ya kioo na kuipeleka hospitalini, ili kutibu makovu na vidonda visivyopona. Mwaka 1921 aliandika kitabu kizima juu ya eksirei katika vita. Wenye kukisoma husema kwamba hakujitaja ndani yake kama mtu aliyefanya jambo kubwa.

Baada ya vita taasisi ilikuwa na gramu ile ile moja tu. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 kumnunulia nyingine, na Rais Harding akamkabidhi kwa mkono wake. Fikirini bei hiyo kwa gramu moja! Mama aliyeitoa radiamu duniani hakuweza kuinunua, kwa sababu hakujimilikia siri yake.

Na hapa habari inaingia nyumbani kwetu. Mwaka 1915, wakati Bibi Curie akizunguka na gari lake, katika nchi yetu ya Katanga, mahali paitwapo Shinkolobwe, si mbali na Likasi, yalionekana mawe yenye uraniamu nyingi kupita mawe yote yaliyojulikana duniani. Yalichimbwa, yakasafirishwa mpaka Ubelgiji, na tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen kilitoa radiamu kwa wingi, hata bei ikaanguka na migodi ya Marekani ikafungwa. Hospitali nyingi za Ulaya zilizotibu saratani zilitumia radiamu iliyotoka katika udongo huu. Wengi wetu tumepita barabara ile bila kujua. Majina ya watu waliochimba mawe yale hayamo katika vitabu nilivyosoma, wala kama walipewa glavu. Najua pia, kama mjuavyo, kwamba mawe ya mgodi ule ule yalitumika baadaye kwa mabomu ya mwaka 1945, lakini Bibi Curie hakuwapo tena kuliona jambo hilo.

Mwaka 1929 alikwenda Marekani mara ya pili, akapata fedha za gramu moja zaidi, safari hii kwa ajili ya Warsaw. Polandi ilikuwa imerudi katika ramani, na Taasisi ya Radiamu ya Warsaw, yenye hospitali ya kutibu saratani, ilifunguliwa mwaka 1932 mbele ya macho yake. Mkuu wake alikuwa Bronia, dada yake daktari, ambaye masomo yake yalilipwa na mshahara wa mwalimu wa nyumbani.

Macho yenyewe yalikuwa yameharibika. Alipasuliwa mtoto wa jicho mara kadhaa, na kwa muda alificha upofu wake kwa kuandika namba kubwa za rangi juu ya vyombo vyake. Vidole vilikuwa vimeungua kwa radiamu. Tarehe 4 Julai 1934 alikufa katika sanatorio ya Sancellemoz, milimani, kwa ugonjwa wa damu. Mwili wake haukuweza tena kutengeneza damu mpya. Irène naye, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1935 pamoja na mumewe, alikufa mwaka 1956 kwa saratani ya damu.

Watu wote walidhani kuwa ni radiamu iliyomwua mama. Mwaka 1995 Wafaransa waliuhamisha mwili wake kuuzika Panthéon, mahali pa mashujaa wao, mwanamke wa kwanza kuwekwa pale kwa ajili ya kazi yake mwenyewe. Kabla ya kuuhamisha, wataalam walipima jeneza, wakakuta radiamu ni kidogo kuliko walivyotazamia. Wakasema kwamba huenda sababu kubwa ilikuwa eksirei za vitani, zile siku ndefu katika vyumba vya giza, kwa maana chupa za wakati ule hazikukingwa vema. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Katika hospitali zetu siku hizi fundi hujificha nyuma ya ukuta wenye risasi anapobonyeza kitufe, na mgonjwa akiona hivyo hudhani anakimbiwa. Mimi nilidhani hivyo. Sasa najua ukuta ule ulinunuliwa kwa watu gani.

Mwalimu wetu wa fizikia ameniambia kwamba sasa ziko mashine za eksirei zinazobebwa katika mfuko wa mgongoni, zinazotumia betri, na kwamba zinapelekwa vijijini katika nchi kadhaa za Afrika kutafuta kifua kikuu, ule ugonjwa uliomwua mama yake Maria. Kompyuta inaweza hata kuisoma picha pale ambapo hakuna daktari. Nilimwuliza ni nani anayezibeba, na wamefundishwa wapi. Alicheka, akaniambia niandike barua nikaulize shule za mafundi hao. Nimeandika tatu.

Mwenzetu golikipa amesoma makala haya kabla hayajaletwa kwa mhariri. Amenisahihisha mahali pawili, kwa mkono wa kushoto. Fundi mpya wa hospitali ile alifika mwezi uliopita.